Nyanya za Juu ya Tenga

Mume wangu Mikaeli alifariki Jumatatu asubuhi, mwaka wa korona. Tulimzika siku hiyohiyo hapa Mlali. Watu walikuwa wachache, na hakuna aliyenishika mkono. Kesho yake tukaanua matanga.

Shemeji yangu Maneno alichukua simu yangu. Nyumbani kwetu ndivyo tunavyofanya. Mfiwa hasumbuliwi, ndugu humpokelea salamu za pole. Simu ilikaa kwake wiki sita. Mimi nilikaa ndani. Sikuwa nikilala. Kila mlango ulipolia, nilidhani ni Mikaeli.

Siku moja akaja Mwaisha, binti anayehudumia afya kijijini. Alikuwa ameshika daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na zahanati. Naulizia usingizi wa watu."

"Usingizi wangu unawahusu nini?"

Hakukasirika. "Kuna shirika linaleta mshauri wa watu wenye huzuni na hofu. Lilituma maswali kwenye simu. Majibu yanasema kijiji chetu kinalala vizuri, watu tisa kati ya kumi. Kwa hiyo mshauri atapelekwa kwingine. Nimepewa wiki mbili za kuhakikisha."

"Wamedanganya! Mimi sikuulizwa."

Maneno alikuwa barazani akitia mpini kwenye jembe. Akakohoa.

"Shemeji, yale maswali yalikuja kwenye simu yako. Walikuwa wanatoa bando kwa anayejibu."

"Ukajibuje?"

"Kwamba unalala fofofo."

"Nani alikwambia?"

"Nilijibu ninavyolala mimi!"

Nikamgeukia Mwaisha. "Na wewe utaandika unachotaka."

Akaniuliza, "Mama, ukiuza nyanya, zile kubwa unaziweka wapi?"

"Juu ya tenga. Mikaeli ndiye aliyekuwa akizipanga."

"Na mnunuzi akitazama za juu tu?"

"Ameliwa huyo."

"Basi maswali yale yalitazama za juu tu. Yalimfikia mwenye simu kubwa na nafasi ya kujibu. Asiye na simu hakuulizwa. Na mwenye huzuni hana hamu ya kubonyeza chochote. Hata kama hakuna aliyepanga kudanganya, majibu yale si yetu sote."

"Sasa utamwaga tenga zima?"

"Nyumba mia tatu siziwezi. Nitaandika jina la kila nyumba kwenye karatasi yake, hata za juu mlimani. Tutaokota hamsini bila kuangalia. Wewe ndiye utakayeokota."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu huniamini."

Jumapili nilitoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikaenda kwenye mkutano wa kijiji. Karatasi zote zilikuwa ndani ya sufuria, zimekunjwa sawasawa. Nilizifungua kadhaa kwanza, nione kama kweli zina majina tofauti. Zilikuwa nayo. Nikazikunja tena, nikatikisa.

"Mwangalieni mkono!" mtu akapiga kelele.

Nikapandisha mikono ya gauni hadi kwenye kiwiko. Nikafumba macho, nikaokota.

"Mbona za mlimani nyingi?" mwingine akauliza majina yaliposomwa.

"Mlimani hakukai watu?" Maneno akamjibu. "Au ni mbuzi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, nikaona aibu.

Mwaisha alizipitia nyumba zote hamsini kwa miguu. Katika kila nyumba aliongea na mtu mmoja, peke yake, pasipo ndugu wa kumsemea. Aliyekuwa shambani hakumruka, alimrudia jioni. Na hakumwahidi mtu bando.

Watu ishirini na watatu walisema hawalali. Wengine walikuwa wamefiwa kama mimi. Mwaisha alipeleka majibu, pamoja na maelezo ya jinsi tulivyookota majina. Shirika likakubali kwamba njia ya kwanza iliwaacha wengi nje, likasema mshauri ataletwa kwetu.

Nyumba yangu haikuokotwa. Nilimlalamikia.

"Haidhuru, mama," akasema. "Mshauri ni wa kijiji kizima."

Simu yangu ninayo mwenyewe sasa. Mshauri huja zahanati kila Alhamisi saa tatu. Wiki hii mimi ni wa tatu kwenye foleni.