Upande wa Kushoto wa Bloku

Siku Babu Teyo alipofariki, spana yake ilibaki juu ya boneti la gari, na kando yake kikombe cha kahawa kilichonywewa nusu. Nashaly ndiye aliyevikuta alipotoka shuleni. Kikombe alikiosha. Spana haikuguswa na mtu.

Pale mjini Salinas, mtu wa mashindano ya magari husindikizwa makaburini kwa ngurumo za injini. Lakini gari la Babu mwenyewe lilikuwa bubu, kwani bloku yake, lile bonge la chuma linalobeba injini, ilikuwa imepasuka. Misa ya kutimiza mwaka tangu afariki ilipokaribia, Baba akatangaza mezani, "Safari hii gari lake litampelekea maua kwa miguu yake lenyewe."

"Kwa miguu?" Shangazi Migdalia akacheka, akimwongezea wali wa mbaazi. "Basi livalishe viatu, Norberto."

Baba alipata bloku ya gari la aina ileile, ila lile halikuwa na turbo, pampu ya kusukumia injini hewa, kama la Babu. Injini yake ilivuta hewa yenyewe. Ukiitazama kwa haraka, ilifanana na ya Babu kama pacha. Kwa hiyo Baba akampa Nashaly kazi ambayo Babu alimfundisha: kubandika kadibodi kwenye bloku ya zamani, kuisugua kwa kidole chenye oili mpaka kila tundu lijichore, kisha kuipeleka kwenye bloku mpya na kulinganisha.

Nashaly alimaliza juu, akamaliza kulia. Upande wa kushoto wa bloku mpya ulikuwa umeganda grisi nyeusi, na nje binamu yake Jandel alikuwa akimwita wakacheze mpira.

"Umemaliza, binti?" Baba aliuliza.

"Nimemaliza, Baba."

Injini ikafungwa, ikarudi garini. Jioni ya kuamkia misa, Baba alishika galoni la oili, huku akiimba. Ilibaki tu kuunga bomba la kurudisha oili ya turbo. Nashaly alisimama kando, macho kwenye upande wa kushoto wa injini.

"Una nini wewe?" Jandel akamnong'oneza. "Umekuwa mweupe kama jibini."

"Ule upande wa kushoto sikuupima."

"Nyamaza! Nani atajua?"

Nashaly aliitazama ile spana ya Babu, ambayo sasa ilining'inia ukutani. "Baba," akaita, "usimimine. Nilikudanganya. Upande wa kushoto sikuupima, ulikuwa mchafu."

Baba akaacha kuimba. Alichukua tambara na petroli, akampa. Nashaly alilala chini ya gari akasugua. Grisi ilipotoka, mahali ambapo oili ya turbo hurudi kwenye injini hapakuwa na tundu. Palikuwa chuma kitupu.

"Ningefunga bomba juu ya grisi, tukaliwasha," Baba alisema taratibu, "oili ingekosa njia ya kurudi, turbo ingefuka moshi mpaka ife. Mbele ya watu wote."

"Si utoboe sasa hivi, Mjomba?" Jandel akauliza.

"Chembe za chuma ziingie ndani? Hapana. Inashuka, inatobolewa, inaoshwa upya. Kesho hatutawahi."

Nashaly akaangua kilio. Baba alimwacha alie, kisha akampa kitambaa kisafi, na usiku uleule wakaishusha injini.

Kesho yake, baada ya misa, rafiki za Babu walifika na magari yao. Walipoona gari halina injini, mzee Cheo, aliyeshindana na Babu miaka mingi, akakunja mikono ya shati. "Teyo alinishinda kila Jumapili. Leo nitalisukuma gari lake nilione likienda polepole!"

Walilisukuma hadi makaburini huku magari mengine yakinguruma nyuma. Nashaly alishika usukani, maua mapajani.

"Ongeza mwendo, Cheo, konokono ametupita!" Shangazi akapiga kelele.

"Wewe njoo huku usukume, mdomo huo una nguvu za farasi!"

Hata Baba alicheka. Kaburini alimwekea Nashaly mkono begani. "Ukweli wako umetuchelewesha, lakini umeokoa injini. Siku nyingine, kazi ukiichoka, sema umechoka. Mtu akisema amemaliza, wenzake hujenga juu ya neno lake."

Wiki iliyofuata tundu lilitobolewa, bloku ikaoshwa, na gari likawaka. Sasa Baba akileta bloku, Nashaly huanza kupima upande mchafu.