Sakafu ya Gereji ya Tata

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kokushubila alichota maji kisimani, akawasha moto jikoni, kisha akachukua ufagio na kwenda kufagia gereji. Hakuna aliyemtuma kazi hiyo, na gereji yenyewe haikuwa na gari tena. Kilikuwa chumba kirefu cha mawe, ubavuni mwa nyumba yao pale kijijini Bushekya, wilayani Muleba.

Gari lilikuwa la baba yake, Aristides, ambaye yeye alimwita Tata kama Wahaya waitavyo baba zao. Lori lake dogo lilipeleka ndizi na kahawa Bukoba mjini. Vita ilipoanza mpakani na Uganda, magari ya watu yalichukuliwa kupeleka chakula kwa askari. Tata aliondoka na lori lake asubuhi ya mvua, na hakurudi tena. Baadaye habari zikaja kwamba lilikanyaga bomu ng'ambo ya Mto Kagera, na waliokuwamo wamezikwa hukohuko.

Mhaya huzikwa katika kibanja chake, katikati ya migomba yake, karibu na watu wake. Tata hakuwa na kaburi kibanjani. Lakini pale gerejini, chini ya dirisha, palikuwa na doa jeusi, pana kama ungo. Ni oili iliyodondoka kutoka kwenye injini kwa miaka mingi. Kokushubila alipofagia juu ya doa lile, aliona kama anafagia kaburi la baba yake. Siku nyingine alipiga magoti hapo akasali.

Mwaka uliofuata, kijiji kilitafuta chumba cha kliniki ya watoto. Kina mama walikuwa wakipimiwa watoto wao nje, na mvua iliponyesha kila mmoja alirudi nyumbani na mtoto wake bila kupimwa. Benadetha, mama yake Kokushubila, alisimama kwenye mkutano akasema, "Gereji yangu imekaa bure. Itumieni."

Mabwana afya walikuja wakaitazama, wakasema chumba ni kizuri ila sakafu haifai. Lipu yake ilikuwa imechimbika na kulowa oili. Watoto wasingeweza kulazwa hapo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rutashobya, alihangaika sana kutafuta saruji, maana wakati ule ilikuwa adimu kuliko sukari. Alipoipata, alimwita Fundi Burhani kutoka Hamugembe, Bukoba mjini. Burhani alikuwa rafiki wa Tata; mara nyingi walisafiri pamoja katika lori lile.

"Mawe ya chini ni mazima," fundi aliwaambia wanakijiji waliokuja kusaidia. "Tutabandua lipu ya juu tu. Lakini palipolowa oili pabanduliwe pote. Saruji haishiki juu ya mafuta. Ukibakiza, baadaye itavimba na kubanduka kama ukoko wa ugali."

Waligawana sehemu. Kokushubila na rafiki yake Georgina walipewa upande wa dirishani, kila mmoja na patasi na nyundo.

"Unagonga kama unabembeleza mtoto," Georgina alimtania. "Gonga, bwana, twende tukale."

"Wewe nenda. Nitamalizia mwenyewe."

Georgina alipoondoka, Kokushubila alibandua lipu pande zote za doa, lakini doa lenyewe hakuligusa. Aliinua nyundo, mkono ukamshinda. Akachota vumbi la saruji na mchanga, akalisugua doa mpaka likafanana na mawe yaliyolizunguka.

Jioni fundi alipita akikagua. Mwanga ulikuwa umepungua.

"Binti, huku kwako tayari?"

"Tayari, Fundi."

"Oili yote?"

"Yote."

"Mtoto wa Aristides huyo," fundi alisema akitabasamu, akaenda zake.

Kesho yake fundi alimwaga saruji mpya, akailainisha kwa mwiko mpaka ikawa kama maji yaliyotulia. Kina mama walikata majani mlimani, yaleyale wanayotandika ndani ya nyumba wakati wa sikukuu, wakaifunika sakafu na kuinyunyizia maji kila siku ili isikauke upesi.

Siku ya kuondoa majani, watu walijaa mlangoni. Mzee Rutashobya aliingia na fimbo yake, akigonga hapa na pale. Sakafu ilijibu kwa sauti ngumu. Alipofika chini ya dirisha, ikalia kama debe tupu. Aligonga tena, saruji ikapasuka na kipande kikainuka, chini yake vumbi tupu.

Mzee alikiokota, akakivunja kwa vidole.

"Fundi, hii ni saruji au mchanga?"

"Ni saruji, Mwenyekiti. Hata mimi ninashangaa."

"Unashangaa? Tumehangaika kuipata, wewe umeiuza mjini, sisi umetumwagia mchanga!"

Minong'ono ikaanza. Mmoja alisema fundi amekula saruji ya kijiji. Mwingine akasema hata alipofika na baiskeli siku ya kwanza alionekana ana haraka. Fundi Burhani alijitetea, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mzee Rutashobya aliamuru mwiko wake, pimamaji na nyundo zikae kwa balozi wa nyumba kumi mpaka Jumapili, kijiji kizima kikutane kuamua kama apelekwe polisi.

Kokushubila alimwona fundi akienda zake barabarani. Mikono yake ilining'inia bila kitu, naye alitembea kama mtu mgonjwa. Benadetha alimfuata na kikapu cha ndizi. Fundi alishukuru, akasema hana njaa.

Jumamosi ile Kokushubila hakula. Wakati wanamenya ndizi, mama yake alisimamisha kisu.

"Koku, una nini?"

"Mama, Fundi hakuiba." Machozi yalimtoka. "Ni mimi. Nilibakiza pale pa Tata. Aliponiuliza nikamdanganya."

Benadetha aliweka kisu chini. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nilidhani ni mimi peke yangu ninayepita pale nikasimama," alisema. Kisha akasema kwa sauti ngumu zaidi, "Kesho utasema mbele ya watu. Nitasimama nawe, lakini mdomo utakuwa wako."

Usiku walisali rozari pamoja, na Kokushubila akamwomba Mungu ampe sauti.

Mkutano ulifanyika mbele ya gereji. Kabla Mzee Rutashobya hajamaliza kusoma mashtaka, Kokushubila alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Fundi hakuiba saruji. Mimi nilibakiza lipu yenye oili, nikaifunika na vumbi. Aliniuliza, nikamwambia nimemaliza."

"Kwa nini, mtoto wewe?" Mzee aliuliza.

"Tata hana kaburi. Alikuwa amebaki pale tu."

Wanawake wawili waligeuza nyuso zao. Fundi Burhani aliinama, akashika kichwa, na wote wakaona kwamba analia.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Aristides alikuwa ndugu yangu. Hata mimi sijui kaburi lake."

Mzee Rutashobya alituma mtu kwa balozi. Vyombo vilipoletwa, alimkabidhi fundi kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi mbele ya kijiji chote. Fundi alivipokea. Alichosema ni kwamba mambo yamekwisha, lakini sauti yake haikuwa ile ya zamani.

Saruji nyingine haikupatikana upesi. Masika yote watoto waliendelea kupimiwa nje, na kila mama aliyerudi amelowa alipita mbele ya Kokushubila kama adhabu. Hatimaye fundi alikuja na saruji kidogo iliyobaki kwenye kazi ya mjini. Akampa Kokushubila patasi.

"Hapa ni kazi yako."

Kokushubila alilipiga doa kipande kwa kipande. Harufu ya oili ilipanda, na kwa muda kidogo ilikuwa kama Tata yumo chumbani. Aliendelea kupiga huku analia, mpaka yakabaki mawe matupu. Fundi akapagonga kwa nyundo, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, kisha akapaziba kwa saruji.

Watoto wa kwanza walipopimwa ndani, Benadetha alimchukua binti yake kibanjani. Kati ya migomba miwili walisimika msalaba wa mti wenye jina la Aristides. Chini yake hapakuwa na mtu. Walipiga magoti wakamwombea.

"Koku," mama alisema walipoinuka, "kumlilia Tata si kosa. Nami namlilia. Lakini kwa ajili ya doa la mtu aliyekufa, ulidanganya, na uongo wako ukakaribia kumzika mtu aliye hai. Ukiwa na huzuni, iseme. Usiifunike kwa uongo, maana atakayeumia ni mwingine."

"Ndiyo, Mama."

"Na Fundi umwombee kila siku. Vyombo vyake tumemrudishia, lakini ile siku aliyotembea mikono mitupu mbele za watu, hatuwezi kumrudishia."