Ndege ya Mayala

Rafiki yangu Iqbal, fundi injini wa Nyamagana, si mtu wa kutia chumvi. Mwaka tisini na sita alikwenda Misungwi kufungua injini ya ndege ambayo marehemu Mayala aliiunda kwa mikono yake na isiruke hata siku moja. Mjane wake, Mama Sabina, alitaka injini hiyo iendeshe mashine ya kusaga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, shika ufunguo. Aliapa atavuka ziwa kwa hiyo ndege, kifo hakikumngoja. Tulipomzika niliizungushia majivu, mchwa wasije wakala mabawa, nikafunga ghala. Miaka miwili sasa sijaingia."

Ilikuwa saa sita mchana, lakini ghala lile la pamba halikuwa na dirisha. Mlango ulipojirudisha nyuma yake, giza likamfunika gubigubi.

To. Kimya. To.

"Oili inavuja," Iqbal akajiambia, ingawa alijua injini ile haikuwahi kutiwa oili. Akawasha tochi.

Majivu yalikuwa yameizunguka ndege pande zote, laini kama yalivyomwagwa. Hapakuwa na unyayo wala alama ya gurudumu.

To.

Akainama, akamulika chini ya ndege. Magurudumu yote matatu yalikuwa yamezongwa na magugumaji mabichi, yale ya ziwani, mizizi yake ikidondosha maji sakafuni. Ua moja la zambarau lilikuwa bado limechanua.