Uzito wa Mtu Mwingine

Mashine iitwayo Mpimadozi ilihudumia wagonjwa kumi na watano kwa dakika. Ilisoma jina, ikasoma uzito, ikapiga hesabu, na mkono mmojawapo kati ya mikono yake arobaini ya chuma ukashusha kichupa cha dawa iliyopimwa tone kwa tone. Katika zahanati zote za Itigi Mpya, hakuna muuguzi aliyepima dozi mwenyewe tangu mwaka 2088.

Asubuhi hiyo aliitwa mhandisi Stamili Nkungu. Watoto saba walikuwa wamekufa ndani ya miezi mitatu, wote baada ya kunywa dawa ya mashine hiyo. Yeye ndiye aliyeiandikia programu, kwa lugha kongwe ya biashara iliyobuniwa kwa ajili ya maghala.

Alifungua kumbukumbu za mtoto wa kwanza, Semeni, umri miaka miwili. Nafasi ya uzito ilikuwa tupu. Mzani wa zahanati ya kwao ulikuwa mbovu kwa miezi hiyo mitatu. Hata hivyo mashine ilitoa dozi ya mtu wa kilo tisini na nne. Stamili akatazama kumbukumbu za aliyehudumiwa kabla yake: dereva wa kreni, kilo tisini na nne.

Akafungua programu yenyewe.

Ndani ya programu, uzito huwekwa kwenye kigeu, kijisanduku cha kumbukumbu kinachopokea thamani mpya kila ajapo mgonjwa mpya. Mgonjwa asipokuwa na uzito, hakuna kinachoingia, na thamani ya aliyetangulia hubaki palepale. Ndiyo maana kigeu hupaswa kusafishwa kwanza. Mstari wa kukisafisha ulikuwepo, ukafutwa miaka miwili iliyopita ili foleni iende haraka. Pembeni pake pameandikwa jina la aliyeufuta: S. Nkungu.

"Urudishe, kisha unyamaze," alisema mkurugenzi, Bwana Kiula, alipoelezwa. "Wameshazikwa, Stamili. Ukisema, utafungwa wewe, na watu wataogopa dawa."

Stamili aliurudisha. Kisha akachukua orodha ya majina saba, akatoka bila kuaga.

Mama Semeni alimkaribisha kwenye kigoda uani. Alikuwa amekonda, na aliyasikiliza maelezo ya Stamili hadi mwisho bila kulia.

"Kwa hiyo sikumzidishia mimi?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ulimpa kilekile ulichopewa. Kosa ni langu."

"Niliwaambia mzani mbovu. Wakanijibu mashine inajua. Mume wangu amenirudisha kwetu mara mbili. Hapa kwao nimekaa kwa huruma tu. Wanasema nilimnywesha mara mbili kwa uzembe. Na mimi, dada, nilishaanza kuamini. Kila siku nahesabu vijiko kichwani."

Stamili alishindwa kumtazama. "Nisamehe," alisema.

"Hayo baadaye." Mama Semeni alisimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Mama mkwe wangu yumo ndani. Utayasema mbele yake, kama ulivyoniambia mimi?"

"Nitayasema. Na polisi pia."

"Polisi ni shauri lako. Anza na huyu."

Akafungua mlango, akaita. Bibi mmoja akatoka taratibu akijifuta unga mikononi, uso umekunjamana kwa mashaka.

"Shikamoo, mama," alisema Stamili. Akainuka kwenye kigoda. "Naitwa Stamili Nkungu. Mimi ndiye niliyemuua mjukuu wako."