Chupa ya Sampuli

Rafiki yangu Domitille wa Ruashi si mtu wa kutunga mambo. Mchana mmoja alikwenda kutafuta cheti cha kazi cha marehemu baba yake, mpuliza chupa, katika kiwanda cha vioo kilichofungwa zamani. Chumba cha makaratasi hakikuwa na dirisha, na kando ya kila bunda la oda palikuwa na chupa moja ya sampuli.

“Mama, ntakufungia na funguo,” alisema mlinzi, papa Liévin. “Ni règlement, makaratasi haitoke inje. Ukimaliza, gonga tu.”

Punde umeme ukakatika. Domitille akagonga, akaita, kimya. Ndipo akasikia pumzi gizani, ndefu, ya taratibu, kama ya mtu anayepuliza kioo cha moto kwa bomba. Akasogea akipapasa rafu, mkono ukashika chupa. Ilikuwa ya moto, laini kama bukari, ugali wa kwetu, ikabonyea.

Umeme uliporudi, papa Liévin alifungua mlango.

“Nilikuwa hapa tu, mama. Sikusikia kintu.”

Chupa ile ilikuwa baridi, ina vumbi la miaka. Ubavuni palikuwa na alama za vidole vitano, nazo zimejaa vumbi. Domitille aliweka vyake humo. Vikaingia sawasawa, hata kile kidogo kilichopinda tangu utotoni.