Kimya cha Mama Bura Kijitoni

Ndugu zangu wa Maretadu, nanyi wa Tumati na Masieda mnaokunywa maji ya milima hii hii, nipeni masikio yenu kidogo. Nitawaeleza habari za watu wema waliopata msiba ambao hakuna hata mmoja wao aliyeutaka. Mkisikiliza, msitafute mtu mbaya humu. Mimi nimemtafuta sana na sijamwona.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, kiangazi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Kikundi cha kutunza kijito kilikuwa kimeshuka na mapanga, majembe na magunia matupu. Wengine walizoa mifuko ya nailoni na chupa za dawa zilizonasa kwenye matete, wengine walizibua palipoziba. Mzee Agustino, mwenyekiti wao, aliyekuwa katekista miaka mingi, alianzisha wimbo wa kanisani na kina mama wakampokea. Oliva, mmoja wao, alikuja na birika la chai, akawamiminia wote, akianza na wale waliokuwa wamelowa miguu. Hakuna aliyelipwa kwa kazi ile. Walijitolea kwa sababu maji yale ndiyo wanayopikia uji wa watoto.

Kila mwanakikundi alikuwa na kipande chake cha kijito cha kuangalia. Mtaalamu wa maji aliyetoka wilayani alikuwa amewafundisha wafunue mawe. Maji mazima, alisema, yana wakazi wake: wadudu wadogo wanaotambaa chini ya mawe, na kaa. Wakazi wakihama au wakifa, nanyi jihadharini.

Kipande cha Lucia, ambaye wote tunamwita Mama Bura, kilikuwa chini ya mashamba ya vitunguu swaumu. Asubuhi ile alifunua jiwe la kwanza, hakuona mdudu. Akafunua la pili. Chini ya jiwe lililofuata alimkuta kaa amelala chali, miguu imejikunja. Akapanda juu kidogo akifuata maji, hadi kwenye kidimbwi kilichozungukwa na matete. Povu jeupe lilikuwa limeganda ukingoni, na harufu ya dawa ya kupulizia ilimpanda puani. Kwenye tope kulikuwa na alama za buti, na alama ya duara ya bomba la kupulizia lililowekwa chini likaoshwa.

Hakuhitaji kuuliza ni la nani. Shamba lililoshuka hadi kwenye matete lilikuwa la Gervasi, Baba Hermani.

Sasa, ndugu zangu, lazima niwaambie Gervasi alikuwa nani kwa Mama Bura, la sivyo mtamhukumu mama huyu bure. Margwe, mume wake, alipoangukiwa na gogo na kuumia mgongo, Gervasi ndiye aliyemlaza kwenye tela la trekta, juu ya majani laini, akampeleka hospitali kwa mwendo wa kobe ili asimtikise. Margwe aliporudi hawezi tena kulima, Gervasi alileta ng'ombe wake mmoja, mwekundu, mwenye maziwa mengi, akamkabidhi Mama Bura amtunze. Mnajua desturi yetu. Ng'ombe ni wa mwenyewe, maziwa ni ya anayemtunza, na siku moja ndama mmoja hubaki kwa mtunzaji. Na mnajua pia kwamba mtu unayekamua ng'ombe wake humsemi mbele ya watu.

Na kikundi kilikuwa na utaratibu wa kusema mbele ya watu. Baada ya kazi walikaa kwenye majani, kila mmoja akasimama na kueleza alichokiona. Hapakuwa na njia nyingine. Ilipofika zamu ya Mama Bura, alisimama, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Kwangu salama," akasema, akakaa.

Mzee Agustino alimtazama kidogo, akaendelea na mwingine.

Siku zile Mama Bura hakuwa na raha. Alijaribu kuzuia madhara bila kumtaja mtu. Maji ya nyumbani kwake alikwenda kuchota kwenye chemchemi ya juu, mbali. Alimwambia Oliva naye achote huko, kwamba ya chini yana tope. Ng'ombe alimzungusha kwa njia ya mlimani, asipite kwenye kidimbwi. Margwe alipomuuliza kwa nini anajichosha hivyo, alimjibu kwamba njia ya mlimani ina majani mazuri. Hata mume wake hakumwambia. Alijua Margwe angejiona ndiye mzigo uliomfunga mke wake mdomo, na hakutaka kumwongezea maumivu. Jumamosi iliyofuata kaa walikuwa watatu, wote chali. Alisimama tena na kusema salama.

Alikwenda hata nyumbani kwa Gervasi, akiwa amekusudia kusema. Alimkuta mama yake Gervasi, Bibi Marieta, anaota jua ukutani. Bibi Marieta alikuwa mzee asiyebakiwa na jino, lakini ulimi wake ulikuwa mkali bado.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna kama mtu aliyenyimwa pombe? Kaa hapa."

Akamkalisha kwenye ngozi yake mwenyewe, akamwita mjukuu alete makande. Gervasi akatokea, akauliza hali ya mgongo wa Margwe kabla hata ya kuketi, akasema atatuma tela lilete kuni maana baridi bado inauma. Mama Bura alikula makande, akashukuru, akaaga. Neno alilokuja nalo alirudi nalo.

Unamwonaje mtu kama huyu? Mimi naona uso wa Mama Bura akirudi nyumbani, na sijui ningemwambia nini.

Siku ya sala za jumuiya Mama Bura alichelewa kurudi. Jua lilikuwa kali na ng'ombe alikuwa analia kiu. Margwe, akijikongoja na fimbo yake, akamfungua, akamwacha ashuke kwa njia fupi. Ng'ombe akaenda moja kwa moja kwenye kidimbwi, maana kwingine maji yalikuwa membamba. Gervasi alikuwa amepulizia dawa asubuhi hiyo, akaosha bomba pale pale.

Mama Bura aliporudi alimkuta mnyama amesimama uani, miguu inatetemeka, udenda unamtoka kama uzi. Akaanguka. Margwe alikuwa amekaa kando yake, anampapasa shingo, anasema polepole, "Alikuwa mzima. Nimemfungulia akanywe maji tu." Kabla jua halijazama, ng'ombe alikufa.

Desturi inataka mwenye ng'ombe aitwe aone kwa macho yake, asije akafikiri ameuzwa. Gervasi alikuja na majirani, wanaume na visu vyao, wanawake na mabeseni. Alimzunguka ng'ombe wake, akamfumba jicho kwa kiganja. Kisha akamgeukia Mama Bura, aliyekuwa amejiandaa kwa swali lolote.

"Usilie, Mama Bura. Ng'ombe hufa. Sitakuuliza kitu, wala usiwe na hofu na mimi. Mungu akijalia nitakuletea mwingine. Hawa watu wagawane nyama, nyumba ya mgonjwa isikose mboga."

Hayo ndiyo maneno yaliyomfunga. Laiti angemkaripia, labda angejibu. Visu vilipoanza kazi alijikaza, akasema kwa sauti ndogo kwamba nyama ya kibudu hailiwi, kwamba afisa mifugo alikwisha kukataza, bora asubiriwe aje apime.

"Afisa mifugo mwenyewe yuko wilayani kwenye semina," akajibu mwanaume mmoja aliyeitwa Nicodemo, huku anachuna. "Tukimsubiri, mafisi wataitisha kikao chao."

Mwingine akasema tangu Mama Bura afundishwe kufunua mawe amekuwa daktari wa wadudu, sasa anataka na ng'ombe. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Oliva peke yake hakucheka. Alimsogelea akamuuliza chinichini kama kuna jambo analolijua.

Mama Bura alimtazama Gervasi, aliyekuwa anakunja ngozi aende nayo, na damu imemchafua shati. Akatikisa kichwa. Oliva akamwaga nyama iliyokuwa kwenye beseni lake na kwenda nyumbani bila kitu. Alielewa kwamba kuna kitu, lakini hakujua ni nini.

Nyama iliyobaki ilikwenda kila nyumba. Utumbo, kwa kuwa ni laini na wazee wanaupenda, alipelekewa Bibi Marieta. Wakampikia supu yake kama alivyoitaka, yenye uchungu wa nyongo, na maji yale ya tumboni yakiwa humo humo. Wajukuu walionja vijiko viwili vitatu. Bibi akamaliza bakuli, akasema imemrudisha ujanani.

Alfajiri Gervasi alimbeba mama yake mgongoni hadi zahanati. Jasho lilikuwa linamtiririka bibi, udenda unamtoka, macho yamefifia na pumzi inakoroma. Mama Bura alipopata habari alikimbia bila viatu. Alimkuta muuguzi, Mectilda, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, amepiga magoti chini anamfuta bibi mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Amekula nini? Ameshika dawa ya shambani?" Mectilda aliuliza.

"Dawa yangu inakaa stoo na nimeifunga," Gervasi akajibu. "Amekunywa supu tu."

Hapo ndipo Mama Bura alipofungua kinywa. Alisema yote kwa mkupuo, akiwa ameshika ukuta: kidimbwi, povu, alama ya bomba, kaa, na ng'ombe alikokwenda kunywa. Hakumtazama Gervasi. Alimtazama muuguzi.

Mectilda hakupoteza muda wa kumlaumu. Alituma watu wakimbie nyumba kwa nyumba, nyama itupwe shimoni, na yeyote aliyegusa supu ile aletwe. Akafungua kabati, akatoa dawa kidogo iliyokuwepo, akampa bibi yote, akapiga simu gari lije. Wajukuu waliletwa wanatapika. Wao walikuwa wameonja kidogo, nao wakapona. Nyumba nyingi zilikuwa hazijabandika nyama jikoni. Haya ni mema ya kweli na lazima niyaseme: neno la Mama Bura, japo lilichelewa, liliokoa watoto wa watu.

Lakini Bibi Marieta halikumfaa. Gari lilipofika alikuwa ameshika kidole cha mwanawe, hajui tena kukiachia. Walimpakia hivyo hivyo. Njiani, kabla ya daraja, Gervasi alimwambia dereva apunguze mwendo, hakuna tena haja ya kukimbia.

Tulimzika kwa heshima zote. Mama Bura alichota maji ya msiba kutoka chemchemi ya juu, ndoo baada ya ndoo, hakuketi hata mara moja, na hakuna aliyemzuia. Wanakikundi wenzake walimzunguka. Mzee Agustino alipokwisha kusoma sala, alisema mbele ya wote kwamba hata yeye ana lake la kujibu, kwa kuwa aliona uso wa mama yule alipokuwa anasema salama, wala hakumfuata nyumbani kumuuliza.

Siku watu walipotawanyika, Gervasi alikwenda kwa Mama Bura. Margwe alijaribu kusimama kwa heshima, akamzuia. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini. Kuku waliingia na kutoka.

"Ulikuja nyumbani siku ile," Gervasi akasema hatimaye. "Ulikula makande na mama. Ulikuwa umekuja kuniambia?"

"Ndiyo, Baba Hermani."

"Nini kilikuzuia?"

"Uliniuliza habari ya mgongo wa Margwe."

Gervasi aliinamisha kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko hasira.

"Mimi nilioshea bomba pale kwa sababu maji yako pale. Baba yangu hakuwa na bomba, hakuna aliyenifundisha. Ungeniambia tu, Mama Bura. Shimo la kumwagia maji ya dawa, huko juu mbali na kijito, ni kazi ya asubuhi moja."

Mama Bura alitaka kusema pole. Alikwisha kuisema mara nyingi msibani, na safari hii haikutoka. Gervasi alinyanyuka, akamshika Margwe bega, akaenda.

Kesho yake, kutoka uani kwake, Mama Bura alimwona Gervasi juu ya shamba, peke yake, anachimba. Alianza ukungu ukiwepo. Wakati wa chai shimo lilikuwa limekwisha.

FUNZO

Wanangu, tunawafundisha watoto kwamba fadhila hulipwa, na tunafanya vizuri. Lakini fadhila hailipwi kwa kunyamaza. Mtu aliyekutendea wema ndiye wa kwanza kustahili ukweli wako, kwa kuwa naye anakunywa maji hayo hayo, na mama yake, na watoto wake. Ukimficha kosa lake hukumheshimu. Umemwacha aende gizani peke yake.

Nanyi mnaojitolea kutunza vijito, Mungu awabariki, ila msimlazimishe mtu kusema mbele ya umati jambo la jirani yake. Mfuateni nyumbani. Mkiona uso umebadilika, ulizeni mara ya pili. Wakulima, bomba halioshwi kijitoni, wala kwenye dimbwi, wala siku moja tu kwa sababu ya haraka. Na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiliwe, hata aliyeigawa awe mkarimu kiasi gani.

Ukiwa na neno zito kwa mtu mwema, nenda kwake mapema. Mbebee hata mahindi mabichi, mwamkie, uliza watoto. Akikupa makande, kula. Kisha, kabla hujaaga, mwambie.