Kuhamia Mjini Bila Kutoka Nyumbani

Nyumba ile huamshwa na cherehani. Mama Pacha ni fundi wa nguo. Hukaa barazani akishona sare za shule na kupunguza suruali za watu walionunua bila kupima. Mumewe, Baba Pacha, ni afisa mikopo benki. Huwapa watu mikopo, kisha huhakikisha wanalipa. Kila asubuhi huruka vitambaa akienda kazini, akilalamika kwamba siku moja atavunjika mguu kwa ajili ya sketi ya mtu.

Siku moja alirudi mapema, meno yote nje. Kulikuwa na nafasi katika tawi la mji mkubwa, na mshahara ungepanda kwa robo nzima. Benki ilitaka jibu baada ya mwezi mmoja.

"Tumeula, mke wangu," alisema. "Fungasha."

Mama Pacha alimpongeza, kisha akauliza kama wateja wake nao watahamishwa. Baba Pacha akacheka. Aliona ni utani.

Mwisho wa wiki alikuja dada mkubwa wa Baba Pacha, anayeishi katika mji huo huo mkubwa. Yeye ni karani wa mishahara. Kabla hajamaliza chai, aliuliza kama hiyo robo ni kabla ya makato au baada. Baba Pacha akamwonyesha barua ya benki.

Dada akamweleza polepole. Mshahara ulioandikwa kwenye barua sio unaoingia mkononi. Kodi ya serikali hukatwa, pensheni hukatwa, bima hukatwa. Halafu kuna bonasi. Afisa mikopo huipata wateja wake wakilipa vizuri, na kule angeanza bila mteja hata mmoja. Nyongeza yote ingeishia kuziba pengo la bonasi. Na kule kodi ya nyumba ni mara mbili ya hapa. Hapa huenda kazini kwa miguu, kule angepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi.

"Mdogo wangu, mshahara haupimwi kwa ukubwa," alisema. "Unapimwa kwa mahali unapokwenda kuula."

Baba Pacha alibisha. Hesabu ndiyo kazi yake, nani angemfundisha?

"Basi hamieni mjini kuanzia kesho," dada akasema. "Ila msitoke humu ndani."

Masharti yalikuwa rahisi. Mpaka siku ya kutoa jibu, wangeishi kwa bei za mji mkubwa. Kila ambacho kule ni ghali zaidi, tofauti yake ingetiwa kwenye kopo. Mama Pacha akaongeza lake: pesa ya cherehani nayo iingie koponi, maana kule hakuna anayemjua. Mumewe alikubali bila kufikiri.

Watoto wao pacha walifurahi kuliko wote. Walisimama mlangoni asubuhi na jioni wakidai nauli. Baba yao akitoa noti kubwa, wanamwambia chenji baadaye. Alilipa magari mawili, kisha akatembea kwa miguu mpaka kazini, majirani wakimcheka.

Wiki ya pili sukari ilikwisha. Sabuni ikafuata. Baba Pacha akamwambia mkewe anunue.

"Kwa hela gani?"

"Si ile ya siku zote? Ya mshahara wangu."

Mama Pacha alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mshahara wako hulipa kodi ya nyumba, umeme na ada. Sukari, sabuni, mboga, madaftari, hata hivyo viatu ulivyovaa, ni cherehani. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Baba Pacha alitazama viatu vyake na kuona haya. Kila siku aliwauliza wateja nyumba zao zinaishi kwa kipato gani. Ya kwake hakuwahi kuiuliza. Mwezi ule walikula kwa kubana sana, na wote wakaelewa kwamba mshahara mmoja hautoshi.

Siku ya kutoa jibu alimwendea meneja.

"Nafasi naitaka," alisema. "Lakini nyumba yangu inaishi kwa mishahara miwili, na ninyi mnahamisha mmoja."

Aliomba posho ya nyumba na gharama za kuhama. Meneja alikiri kwamba wengine hushukuru kwanza, kisha hurudi wakilia. Akawaandikia makao makuu. Wakakubali kulipa nusu ya kodi ya nyumba kwa mwaka mzima.

Mama Pacha hakuhama mpaka alipokwenda na wifi yake kutafuta kibanda cha kushonea. Pesa za kopo zikalipa kibanda hicho kwa miezi mitatu. Kabla miezi hiyo haijaisha, alikuwa na wateja wa kutosha, na kila mwezi familia ilibakiwa na akiba kidogo.

Katika tawi jipya, mume na mke walikuja kuomba mkopo. Mume alieleza mshahara wake kwa kirefu, mke akiwa ameketi nyuma yake kidogo. Baba Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza kiti kumwelekea mke.

"Na wewe, mama, unaingiza nini?"

Mume akafungua mdomo kumjibia.

"Umeulizwa wewe?" mke akasema, akasogeza kiti chake mbele.